Ukivuka Miaka 40, Pima Ukiwa Bado Unatembea

Pita asubuhi kwenye kituo cha afya, iwe Nyabiondo, Kitchanga, Mubi au Ndjingala, utakuta mabenchi yamejaa akina mama. Huyu amekuja kupima mimba, yule ameleta mtoto achanjwe au apimwe uzito. Wanaume ni wachache, na wengi wao wamemsindikiza mgonjwa au wameletwa kwa machela, hawajiwezi.

Makala haya ni ya mwanaume wa Masisi au Walikale aliyevuka miaka 40: mkulima, mfugaji, mchimbaji, motari, mwalimu au mchungaji wa kanisa. Ni ya mke wake pia na watoto wake wakubwa, maana wao ndio huona mapema kwamba baba amebadilika. Tutaeleza upime nini, upime wapi, gharama ikoje, na dalili zipi haziruhusu kungoja kesho.

Kwa nini miaka 40?

Ujanani maradhi mengi huja kwa kelele: malaria inakutetemesha, kuhara kunakulaza, jeraha linatoa damu. Ukivuka 40 yanaanza kuingia maradhi ya kimyakimya. Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita tansio au presha, linaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Kisukari ni vivyo hivyo, na figo huharibika bila kukuarifu. Mwanaume aliyezoea kwenda hospitali anapoumwa tu atafika wakati mshipa wa kichwa umeshapasuka au figo zimeshachoka.

Motari wa barabara ya Sake hangoji injini ikwame mlimani ndipo abadilishe oili. Anaibadilisha pikipiki ikiwa nzima, kwa sababu ndiyo inayomlisha. Mwili wako nao ndio unaowalisha watu nyumbani.

Lakini hospitali si ya akina mama na watoto?

Hapana. Ni kweli kwamba vituo vyetu vina siku maalumu za wajawazito na za watoto, na mwanaume hakuwekewa siku yake. Hilo halimaanishi kwamba mlango umefungwa. Muulize muganga siku ipi haina watu wengi, uende siku hiyo mapema. Na mke wako akiwa mjamzito, mfuate kwenye kipimo cha kwanza cha mimba: vituo vinawataka wanaume waje, mnapimwa virusi vya UKIMWI pamoja, na ukiwa hapo hapo unaweza kuomba upimwe na presha.

Wapo wanaosema, "Nikienda watanikuta na ugonjwa." Ugonjwa ukiwepo, upo, umepimwa au hujapimwa. Tofauti ni kwamba presha iliyojulikana mapema inatulizwa kwa kidonge cha kila siku, na presha isiyojulikana humlaza mtu upande mmoja akilishwa kwa kijiko. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua.

Niende wapi?

Anzia karibu na nyumbani. Huduma zetu zimepangwa kwa ngazi. Chini kabisa kuna posti ya afya, kisha kituo cha afya kinachoongozwa na muganga mkuu tunayemwita titulere. Juu yake kuna hospitali kuu ya rufaa, moja kwa kila zoni ya afya. Miongoni mwa zoni za Masisi ni Masisi yenyewe, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Upande wa Walikale kuna Walikale yenyewe, Kibua, Itebero na Pinga.

Kituo cha afya kinatosha kwa kupima presha, uzito, malaria na mara nyingi mkojo na virusi vya UKIMWI. Hospitali ya rufaa ndiyo yenye daktari, chumba cha upasuaji na maabara kubwa zaidi. Jambo likizidi uwezo wake, unaandikiwa karatasi ya kupelekwa mbele. Goma kuna Hospitali ya Mkoa, HEAL Africa, na hospitali za CBCA za Ndosho na Virunga. Baadhi ya watu wa Walikale huona nafuu kushuka Bukavu kwa njia ya Hombo. Ufuate ngazi hizo: ukiruka moja kwa moja hadi mjini bila karatasi, unaweza kulipa safari na vipimo ambavyo ungevipata kijijini.

Kama hujui kituo chako ni kipi, muulize relei, yule mhudumu wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba kutangaza chanjo. Yeye pia hujua kama barabara iko salama juma hilo, na kama kituo kina dawa au kimeishiwa.

Nikifika niombe nini?

Sema hivi: "Nimevuka miaka 40, sijaja kwa ugonjwa, nataka kupimwa." Kisha omba vipimo vitano.

Cha kwanza ni presha. Utavalishwa mkanda kwenye mkono, na kabla ya hapo kaa umetulia dakika tano, usiwe umetoka kuvuta sigara au kunywa kahawa. Utapewa namba mbili. Kwetu waganga wengine huandika 12 kwa 8, wengine 120 kwa 80. Ni kitu kilekile. Ukipata 14 kwa 9 au zaidi, usiogope mara moja. Rudi siku nyingine upimwe tena, kwa sababu presha hupanda pia kwa uchovu na wasiwasi. Ikibaki juu, hapo una presha. Ikifika 18 kwa 11, usirudi nyumbani kabla hujaonana na muganga siku hiyohiyo.

Cha pili ni sukari. Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye mashine ndogo. Nenda asubuhi hujala wala kunywa chochote isipokuwa maji. Miligramu 126 au zaidi, ambayo wengine huiandika 1.26, ikipatikana mara mbili katika siku tofauti, ni kisukari. Kama kituo hakina mashine hiyo, hospitali ya rufaa ndiyo ya kuulizia. Usicheleweshe kipimo hiki kama una kiu isiyokwisha, unakojoa sana, unakonda ilhali unakula, au una kidonda cha mguu kisichopona.

Cha tatu ni mkojo, kuangalia kama una protini, sukari au damu. Protini na damu zinaweza kuwa ishara kwamba figo zinaumia. Cha nne ni virusi vya UKIMWI. Cha tano ni uzito na kiuno; andika namba hizo ili mwakani ujue umepanda au umeshuka.

Itanigharimu kiasi gani?

Bei hazifanani kati ya kituo na kituo, kwa sababu vingine vinasaidiwa na mashirika na vingine vinajitegemea. Kwa kawaida kuna sehemu nne za kulipia: fishi, yaani karatasi yako ya matibabu, kuonana na muganga, vipimo vya maabara, na dawa. Kabla hujapimwa chochote, uliza bei ya kila sehemu, na uulize kama kuna bei ya jumla inayofunika zote. Vituo vingi hubandika bei ukutani. Ukiona unatozwa tofauti na ilivyobandikwa, zungumza na CODESA, ile kamati ya wananchi inayosimamia kituo pamoja na titulere. Ni haki yako, na ndiyo kazi yao.

Yapo mambo ambayo hayapaswi kulipiwa. Kipimo cha kifua kikuu na dawa zake ni bure nchi nzima. Kipimo cha virusi vya UKIMWI na dawa zake ni bure. Matibabu ya aliyebakwa, awe mwanamke au mwanaume, ni bure. Pia, palipo na Madaktari Wasio na Mipaka, yaani MSF, huduma wanazozitegemeza hazilipiwi. Wamekuwa wakiisaidia Hospitali Kuu ya Rufaa ya Masisi tangu mwaka 2007. Lakini shirika haligusi kila ugonjwa, na misaada huja na kuondoka. Uliza siku hiyo kipi ni bure na kipi sicho.

Kwa kinachobaki, jipange kabla. Kama uko kwenye likilimba, ule mchango wa kupokezana, zamu yako moja kwa mwaka itenge kwa ajili ya vipimo vyako na vya mama watoto. Vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini, vile vinavyoitwa AVEC, huwa na mfuko wa mshikamano kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Wanaume wengi huwaachia wake zao vikundi hivyo; waingie nao.

Uvimbe wa kinena unaorudi ndani: ni wa kuogopa?

Huu ni ugonjwa wa wabeba mizigo. Ukichimba, ukisukuma chukudu au ukipandisha magunia ya makaa mlimani, ukuta wa tumbo unaweza kulegea na utumbo ukachomoza kwenye kinena, wakati mwingine hadi kwenye pumbu. Hiyo ni ngiri. Unasimama inatoka, unalala inarudi, na kwa kuwa inarudi wengi huifunga kitambaa na kuendelea na kazi kwa miaka.

Ngiri haiponi kwa dawa, kwa mizizi wala kwa kuchanjwa chale. Dawa yake ni upasuaji mdogo unaofanyika katika hospitali za rufaa. Ukipasuliwa kwa mpango, unachagua majira, unaulizia bei mapema, unatafuta mtu wa kukushikia shamba. Ukingoja hadi utumbo ubanwe, upasuaji unakuwa wa dharura, gharama inapanda, na sehemu ya utumbo inaweza kuoza. Dalili za kubanwa ni hizi: uvimbe umekuwa mgumu, unauma sana, haurudi ndani, unatapika na huwezi kutoa haja. Hapo ni safari ya usiku huohuo.

Ninaamka usiku mara nne kukojoa. Ni uzee tu?

Huenda ni tezi dume, ambayo waganga wetu huiita prostati. Ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, na mwanaume anapozeeka huvimba na kubana njia ya mkojo. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu kidogo, unakatika, na ukimaliza unahisi bado haujaisha. Mara nyingi ni uvimbe wa kawaida wenye dawa. Mara nyingine ni saratani, na hiyo ikiwahiwa ina nafuu. Usijiamulie mwenyewe ni ipi. Nenda hospitali ya rufaa. Daktari anaweza kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wanaume wengi huikimbia hospitali kwa ajili ya kipimo hicho. Ni cha dakika moja, kinafanywa mlango umefungwa, na hakuna anayepungukiwa uanaume kwa sababu yake.

Mkojo ukiziba kabisa na tumbo la chini likajaa, kimbilia kituo cha karibu uwekewe mpira wa mkojo. Usinywe maji mengi ukidhani yatausukuma.

Nina kikohozi cha muda mrefu, na nafanya kazi mgodini.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, pima kifua kikuu. Ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au damu kwenye makohozi, usingoje hata hizo wiki mbili. Unatoa makohozi kwenye kikopo, hulipi. Ukikutwa nacho, dawa ni za miezi 6 kwa kawaida, na hukatizi hata ukijisikia mzima mwezi wa pili, maana vijidudu vilivyobaki hugeuka sugu.

Wachimbaji wa koltani Rubaya na wa kasiteriti kandokando ya Bisie wana hatari mbili kwa pamoja. Vumbi la mwamba linakaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na mapafu ya namna hiyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Lowesha mwamba kabla ya kuugonga, funika pua na mdomo, na usilale ndani ya shimo. Muganga akikuuliza kazi yako, mwambie ukweli, maana jibu hilo linabadilisha anachokitafuta.

Nguvu za kiume zimepungua. Nimwambie nani?

Mwambie muganga kabla ya kumwambia muuza dawa wa sokoni. Mishipa ya uume ni myembamba, kwa hiyo inaweza kuonyesha mapema kwamba damu haipiti vizuri mwilini. Nyuma ya tatizo hilo mara nyingi kuna kisukari, presha, sigara, pombe au mawazo mengi. Vidonge na unga unaouzwa bila jina vinaweza kuwa vimechanganywa na dawa kali, na mwenye ugonjwa wa moyo vinaweza kumwangusha.

Kuna dawa za presha zinazoweza kupunguza nguvu hizo. Hilo likikutokea, usiache dawa kimyakimya. Rudi useme, ubadilishiwe.

Pombe, usingizi na mawazo

Vita vimekula miaka yetu mingi. Mwanzoni mwa 2025 mapigano yalifika Masisi-Centre, na Machi mwaka huohuo yakafika Walikale-Centre. Mwanaume aliyekimbia na familia, akaacha ng'ombe na shamba, haambiwi na mtu kwamba anaruhusiwa kuumia. Maumivu yake hutokea kwa njia nyingine: hasira ya ghafla, kukosa usingizi, kukaa peke yake, au kushinda kwenye kasiksi na kanyanga.

Kanyanga ya kutengenezwa kienyeji inaharibu ini, na iliyopikwa vibaya inaweza kupofusha. Ukiona huwezi kupitisha siku mbili bila kunywa, au asubuhi mikono inatetemeka, omba msaada, usiache ghafla peke yako: mnywaji wa siku nyingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Baadhi ya vituo na hospitali zina wahudumu wa kisaikolojia. Kuzungumza nao ni matibabu kama matibabu mengine.

Jambo moja husemwa kwa sauti ya chini mno. Wanaume pia wamebakwa na watu wenye silaha. Kama limekupata wewe au ndugu yako, fika kituoni ndani ya saa 72. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ambazo baada ya saa hizo hazifai tena. Hata siku zikiwa zimepita, nenda tu, yapo matibabu mengine. Ni bure na ni siri.

Nimeambiwa nina presha. Ninaishije?

Unaishi, na unafanya kazi. Punguza chumvi kwanza. Makayabo na samaki wengine wa chumvi waloweke, umwage maji, uloweke tena. Usiongeze chumvi mezani, na vile vidonge vya kuungia mchuzi vipunguze, maana vimejaa chumvi. Sombe, maharage, ndizi na viazi ni vyakula vizuri, ila mawese yawe kiasi. Acha sigara.

Dawa ya presha hunywewa kila siku, hata siku ambayo hujisikii vibaya. Uliza jina la dawa, na uulize kama ipo ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi ileile. Jihadhari na diclofenac na ibuprofen, zile za mgongo zinazouzwa kila duka: ukizinywa kila siku zinapandisha presha na kuumiza tumbo na figo.

Na kwa kuwa kwetu mtu anaweza kulazimika kukimbia usiku, weka fishi yako kwenye mfuko wa plastiki pamoja na dawa za wiki chache. Andika jina la dawa na kipimo chake, umwonyeshe mke au mtoto palipo mfuko huo. Ukifika kambini au mji mwingine, karatasi hiyo itamwezesha muganga kuendelea pale ulipoishia.

Dalili zipi hazingoji kesho?

Mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki. Kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkononi au tayani. Pumzi haitoshi hata umekaa. Unatapika damu, au haja kubwa ni nyeusi kama lami. Mkojo umeziba. Ngiri imekuwa ngumu na inauma. Kwa yote haya, usianzie kwenye maombi ya usiku kucha wala kwa mganga wa mizizi. Watu wa maombi wakufuate hospitalini. Kubalianeni mapema na majirani: nani ana pikipiki, nani atabeba machela, nani ana simu yenye namba ya kituo.

Nianze lini?

Chagua mwezi mmoja wa mwaka ambao hauna kilimo kingi, uwe mwezi wako wa kupima kila mwaka. Mchukue rafiki wa rika lako mwende pamoja, maana mwanaume mwenzako akikaa benchi lile, aibu hugawanyika. Wachungaji, machifu na marais wa vikundi vya motari, ninyi tangulieni: waambieni watu wenu siku mliyokwenda kupima, nao watafuata. Na wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa na miaka 40 au zaidi, kama hujui presha yako ni ngapi, juma hili nenda ukaijue.